Stesheni Iliyotoka Kuipokea Treni

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio kabla hajatupa maneno, akamjaalia mtoto kusikia mengi asiyoyafahamu na kuyaweka mpaka siku yatakapofaa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aliyekuwa akitabasamu na watoto wala hilo halikumpunguzia heshima yake hata chembe. Baada ya hayo, naomba niwasimulie khabari ya babu yangu na kaseti yake.

Juzi nilifungua mlango wa gari iliyokuwa imesimama juani tangu asubuhi, ikanipiga usoni harufu ya plastiki iliyopata moto. Nikabaki nimeshika mlango. Mwanangu akaniuliza, "Mama, vipi? Mbona umesimama?"

"Harufu ya kaseti," nikamwambia.

"Kaseti zina harufu?"

Nikamweleza njiani. Tulipofika nyumbani akakitafuta kwenye simu yake kile kipindi cha redio kilichokuwamo katika kaseti ya Babu, akatafuta na kutafuta, mwisho akatikisa kichwa. "Hakipo, Mama. Ni kama hakijawahi kuwepo." Nilipolisikia neno hilo nikaazimia kuandika. Kilikuwepo. Mimi nilikihifadhi.

Wenzangu mliokulia Maskati zama za kaseti mtakumbuka kuwa kila nyumba ilikuwa na bati la biskuti lililojaa kaseti. Kwetu Al Khuwair bati hilo lilikuwa la Bibi, mama yake baba yangu. Ndani yake mlikuwa na visomo, na mawaidha yaliyoletwa kutoka Unguja na Mombasa. Bibi akiyasikiliza huku anachambua mchele, na shekhe akifika penye kaburi na Siku ya Kiama, sauti yake ikipanda, waliokuwa msikitini wanaangua kilio, na Bibi naye anajipangusa macho kwa ncha ya leso yake. Kwa hiyo mimi, nikiwa mdogo hata meno ya mbele sina, nilijua vyema mawaidha yanavyokwenda: mtu mmoja anasema, watu wengi wanalia, na anayesikiliza nyumbani anapangusa machozi.

Babu alikuwa na kaseti yake peke yake. Haikuandikwa kitu, na haikuchanganywa na zile za Bibi. Kila baada ya sala ya Alasiri, gahawa ikishanywewa, akikaa majlisi, chumba cha kupokelea wageni, karibu na kiyoyozi, akikunja miguu, akibonyeza redio kwa kidole gumba. Pakalia kengele. Pakavuma upepo. Watu wakakimbia, mmoja akapiga kelele kwa Kiingereza, mwengine akamjibu kwa sauti nzito, halafu likaja vumo la umati mzima, kama mvua juu ya mabati. Hapo Babu akiinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, wala hatoi sauti. Kisha akitoa kitambaa mfukoni na kupangusa macho.

Mimi Kiingereza nilikuwa sikijui wakati ule. Lakini kengele, upepo, watu wanakimbia, umati unalia, na mzee mcha Mungu anapangusa machozi? Sikuhitaji kuambiwa. Nikajua kuwa Waingereza nao wana mashekhe wao, na kwamba huyu wa kaseti alikuwa akihadithia Kiama.

Siku moja nikavaa mtandio wangu, nikaenda kukaa ubavuni mwake.

"Bibi mdogo, una haja gani?" akaniuliza.

"Nimekuja kusikiliza mawaidha, Babu."

Akanitazama kwa muda mrefu. Kaseti ilikuwa haijaanza, lakini mabega yake yalikuwa yameshaanza. Akapangusa macho, akasema, "Haya, kaa. Ila usizungumze." Nami nikaona kwamba uchamungu wangu ndio uliomliza.

Chuoni mwalimu wetu alikuwa akitusomea Kurani, nasi tukimfuata, aya kwa aya, bila ya kujua maana. Maana, akituambia, itakuja na umri. Kazi yenu sasa ni kushika. Mimi nikaishika kaseti ya Babu namna hiyohiyo. Naomba Mola anisamehe, silinganishi kisichofanana. Nasema namna ya kujifunza tu, kwa kuwa namna nyengine sikuijua. Kila siku kipande kidogo. Sauti ya mwenye kupiga kelele, sauti ya aliyejibu, kengele, na hata kikohozi kimoja kikavu kilichokuwa kikisikika karibu sana, kama kimo chumbani. Nacho nikakihifadhi mahali pake.

Kikohozi hicho, nimekuja kujua, kilikuwa cha Babu mwenyewe. Ujanani alipelekwa Uingereza kusomea ualimu, akapanga chumba na kijana mwenzake wa Unguja, chumba cha baridi ya kupasua midomo. Mara moja kwa wiki redio ikitoa kipindi hicho cha mzaha usio na kichwa wala miguu, nao wakakifanya ndio darasa lao la Kiingereza. Usiku mmoja wakaazima mashine ya kurikodia, wakaweka maikrofoni mbele ya redio, wakazuia pumzi, na Babu akashindwa kukizuia kikohozi. Mapinduzi yaliyokuja kutokea Unguja baadaye mnayajua. Babu alifika Maskati na watoto, msahafu wake, na sauti hiyo, ambayo baadaye aliihamishia kwenye kaseti.

Sasa palikuwa na pahala pamoja katika kaseti ile ambapo upande wa kwanza ulikatika katikati ya maneno. Yule mwenye kupiga kelele aliuliza swali, na kabla hajajibiwa, tak, mkanda umekwisha. Babu akiitoa kaseti, akiigeuza, na huku anaigeuza akilisema jibu yeye kwa kinywa chake, kwa sauti nzito ya polepole, kidole kimoja juu. Halafu akibonyeza, upande wa pili ukiendelea. Katika hifdhi yangu pahala pale nilipaita "pa Babu". Nilipoanza kumsomea yeye mwenyewe, naye akinisikiliza na kunisahihisha, "Hapo rudia, umepanda mno," nikifika pale nikinyamaza, naye akisema lake, kisha naendelea. Mimi na yeye tuliona hivyo ndivyo ilivyo.

Msimu mmoja wa joto redio ikaanza kuvuta sauti kama mtu mwenye usingizi. Babu akataka ipelekwe Wadi Kabir kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyezoeana naye. Ami Salum, kaka yake mkubwa baba yangu, akampeleka kwa gari, na kaseti wakaichukua ili wajaribie. Kule dukani, Babu akiwa amekaa anangoja, akaanguka kutoka kwenye kiti. Ami na fundi wakambeba, hao hospitali. Kaseti ikabaki ndani, chini ya kioo cha mbele cha gari, na gari ikabaki juani kiwanjani hospitali, siku ile na zilizofuata. Ami alipoikumbuka ilikuwa imejipinda kama jani lililopitiwa na moto. Akaja nayo jikoni, ameiweka kiganjani.

"Imeungua, Mama," akamwambia Bibi. "Akiiulizia nitamwambia nini?"

Bibi akaitazama. "Ataulizia kwa ulimi gani?"

Maana Babu alirudi nyumbani upande wa kulia umelegea na ulimi umefungwa. Anasikia, daktari alisema, na anaelewa, lakini maneno hayatoki. Baba yangu alikuwa kazini Salala, akija kila alipopata ruhusa, na nyumba ikawa juu ya Ami, Mama na Bibi. Watu wakaja kumtazama Babu na kumsomea. Akisomewa midomo yake ilitikisika, machozi yakamtiririka, haya ya kweli. Sauti haikuja. Baada ya muda akaanza kufumba macho kila wageni wanapoingia, na uji akawa anauacha.

Nilijua khofu ya Bibi kwa kuisikia. Walikuwa jikoni yeye na Mama, nami nimekaa chini namenya vitunguu thaumu.

"Umri mzima kashika sala," Bibi alisema. "Mimi kifo sikiogopi, kimeandikwa. Nnachoogopa ni kuondoka bila kauli. Mtu kama yule, afe bila ya kutamka shahada?"

"Mama, Mola anayajua yaliyo moyoni," Mama akamwambia.

"Nnajua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha hilo. Lakini nnataka niisikie kwa masikio yangu."

Nikaacha vitunguu. Kwa akili yangu ya kitoto jambo lilikuwa wazi kabisa. Babu amefungwa ulimi, mawaidha ya Waingereza ndiyo yaliyokuwa yakimtikisa kuliko kitu chochote, kaseti imeungua, na duniani hakuna anayeyajua ila mimi. Basi ni juu yangu. Nikanawa mikono nisinuke thaumu, nikavaa mtandio, nikaenda chumbani kwake, nikakaa mkao wa chuoni, nikaanza kwa sauti ya huzuni kama inavyostahiki.

Babu alifumbua macho. Nikaendelea, nikaiga na upepo. Nilikuwa nimefika pa kikohozi, nimekohoa, pale Ami Salum aliposimama mlangoni na kikombe cha gahawa. Ami alifanya kazi wizarani na Kiingereza akikijua. Akasikiliza. Gahawa ikammwagikia kanzu.

"Laa ilaha illa Llah! Mama Asma, njoo! Njooni msikie!"

Asma ni mimi. Mama akaja mbio, na Bibi nyuma yake, wote wakidhani Babu ndiyo safari.

"Huyu mtoto anasema Kiingereza," Ami alisema, "na anasema stesheni imevaa koti, imetoka kwenda matembezi!"

"Stesheni gani?" nikauliza. Mimi stesheni niliyoijua ni ya petroli.

"Ya treni! Treni imechelewa, stesheni imechoka kungoja, imenyanyuka na viti vyake na saa yake inakwenda zake. Mkuu wa stesheni anaikimbiza na kengele mkononi. Wallahi hiki ndicho kile kichekesho cha Baba! Nani kakufundisha?"

"Si kichekesho," nikamjibu. "Ni mawaidha ya Kiama."

Ami akaegemea ukuta, akacheka mpaka akakaa chini. "Kiama! Kiama cha stesheni! Ee Mola wangu, na mimi nilikuwa nikijiuliza kwa nini mtoto anavaa mtandio!"

Mama hakucheka. Alinishika mkono. "Toka hapa. Mgonjwa anasomewa la maana, hasomewi upuuzi. Watu wakisikia watasema nini?"

Nisiseme uongo: niliumia. Haikuwa kwa kuchekwa. Ilikuwa kwa yale machozi ya Babu, ambayo nilikuwa nimeyajengea nyumba nzima moyoni mwangu. Nikamgeukia Bibi, machozi yananilengalenga. "Kwani Babu alikuwa halii?"

"Babu yako?" Bibi akasema. "Babu yako akicheka, hucheka ndani kwa ndani, machozi yanamtoka. Siku ya harusi yetu alicheka hivyo, mama yangu akadhani kijana hanitaki." Akaenda akakaa ukingoni mwa kitanda, akamtazama mumewe, ambaye macho alikuwa hajayafumba tena. Akamwambia Mama, "Mwache mtoto."

"Lakini Mama..."

"Mwache. Sisi tumeshasoma, na tutasoma, wala hatuachi. Mtume wetu akifanya mzaha, na katika mzaha wake hakusema ila kweli. Na kumtia furaha Muislamu mwenzio ni sadaka, mgonjwa je? Mwenye kufungua ulimi ni Mola, na kwa sababu gani ataufungua, wewe unajua? Mimi sijui." Kisha akanigeukia mimi. "Ila kaa vizuri, na hiyo sauti ya kilio uiache. Stesheni haijafiwa."

Basi nikasoma. Kila siku baada ya Alasiri, wakati ule ule. Sasa nilijua kuwa ni mzaha, na nilikuwa sioni bado unachekesha wapi, lakini nilikwisha kuazimia, na mtoto wa chuoni halali na kipande nusu. Siku za mwanzo nilipofika "pa Babu" nilipapita kwa kulisema jibu mimi, kwa kumhurumia, asije akaona kuwa anashindwa. Babu alikunja uso. Kesho yake nikalisema tena, akakunja uso tena, akageukia ukutani. Nilitoka nikamwambia Bibi kwamba hataki.

"Hataki nini? Hataki kusikia, au hataki usemalo?"

Nikafikiri. Chuoni, mwenzio akikwama katikati ya kisomo, kuna adabu yake. Humkatizi. Unangoja. Ukiona kweli amekwama, ndipo unamfungulia kwa neno moja, naye anaendelea. Na kama pahala si pako, hupasomi. Ikanijia kwamba Babu hakukasirika kwa kuwa nimekosea. Amekasirika kwa kuwa nimemnyang'anya pahala pake.

Siku iliyofuata nikasoma mpaka kwenye swali. Mkuu wa stesheni, pumzi zinamwishia, anaiuliza stesheni yake inakwenda wapi. Nikanyamaza.

Kiyoyozi kikavuma. Babu akanitazama, nami nikamtazama. Midomo yake ikatikisika. Mama, aliyekuwa anakunja nguo, akasema polepole, "Asma, mwanangu, usimtese." Nikatikisa kichwa. Nilikuwa mtoto mwenye adabu, Mama alinilea hivyo, lakini siku ile hata angekuja baba yangu kutoka Salala nisingenyanyuka. Miguu ikaniganda. Kwa mbali nikasikia waadhini wanaanza Magharibi, msikiti mmoja, kisha wa pili, na mimi nimekaa.

Likatoka. Lilitoka kama kitu kizito kinachoburuzwa sakafuni, nusu yake limekatikakatika, lakini ni lile lile, kwa Kiingereza, kwa sauti nzito ya polepole, na kidole cha mkono wa kushoto kimepanda juu: "Nakwenda kuipokea treni njiani."

Mama akaangusha nguo. Mimi, kwa kuwa ndivyo ilivyo, nikaendelea na upande wa pili. Nikasoma mpaka mwisho, na Babu mabega yanamtikisika na machozi yanamwingia masikioni, na safari hii nilijua ni machozi gani.

Bibi alipoelezwa alisujudu palepale. Kisha akasimama, akajifunga leso, akaingia chumbani. "Alhamdulillahi," akamwambia Babu. "Lakini sikiliza, Baba Salum. Usije ukaenda mbele ya Mola wako na stesheni mdomoni. Sasa zamu yangu."

Akakaa pale nilipokuwa nimekaa mimi. Akasema, "Ash-hadu an laa..." akanyamaza. Akangoja kama nilivyongoja. Siku ile halikuja neno. Hakulalamika. Jioni iliyofuata nilianza mimi na stesheni yangu, Babu akasema lake, na ulimi ungali moto Bibi akaingia na nusu yake, akangoja. Tukaenda hivyo, jioni baada ya jioni, mzaha kwanza na shahada baadaye, mpaka siku moja Babu akaishika ile nusu na kuimaliza. Ami Salum alikuwa mlangoni. Alitoka nje, akakaa garini peke yake muda mrefu.

Maneno mengine hayakurudi sana. Maji aliyataka kwa ishara, na jina langu aliliita mara chache, likatoka limepinda. Lakini aliishi, kwa rehema za Mola, miaka mingi ambayo hakuna aliyeitarajia. Nikakua, nikajifunza Kiingereza, nikafahamu kila neno nililolihifadhi, na nikacheka kwa kuchelewa.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nakaa Al Khoudh na wenzangu, aliponipigia simu Ami: "Njoo sasa hivi." Nikakuta chumba kimejaa, na Bibi kitandani pembeni yake, mkono wake umeshika mkono uliolegea. Babu pumzi zilikuwa fupi. Bibi akamwinamia sikioni, akafungua kinywa amwanzie ile nusu ya shahada, kama alivyozoea.

Babu akanyanyua mkono wa kushoto, akauweka juu ya midomo ya mkewe, taratibu, kumwambia anyamaze. Akavuta pumzi. Akaisema yeye, yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila ya kufunguliwa na mtu.

Bibi akaushika ule mkono uliokuwa mdomoni pake, akaubusu. "Nimesikia," akamwambia. "Nimesikia, Baba Salum. Nenda."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akupe ulimi mwepesi kwenye kheri na watu wenye subira ya kukungoja unapokwama. Akuhifadhie wazee wako walio hai, awarehemu waliotangulia, na akujaalie siku yako ikifika uwe na kauli iliyo thabiti. Amin.